Namna ya Kulikagua Gitaa la Umeme

Kundi la vijana linapochangishana fedha ili kununua gitaa la umeme, kwa kawaida huwapo mmoja wao anayelishika, akalipiga nyuzi mbili tatu, akaitazama rangi yake, kisha akatoa hukumu. Hukumu hiyo yaweza kugharimu akiba ya mwaka mzima. Gitaa lenye rangi ya kung'aa laweza kuwa na shingo iliyopinda au waya uliokatika ndani. Na jingine lililochubuka, ambalo muuzaji huona haya kulitundika ukutani, laweza kutoa sauti safi kwa miaka thelathini. Tofauti kati ya hayo mawili haionekani kwa macho peke yake, lakini yaweza kupimwa kwa rula, kwa karatasi, kwa mita ya umeme na kwa sikio lililozoezwa kusikiliza. Karibu kila kipimo kitakachoelezwa hapa kinatokana na fizikia ifundishwayo katika shule za sekondari.

Kwa watu wa Afrika Mashariki jambo hili si la mbali. Muziki wa dansi uliochezwa katika kumbi za Dar es Salaam, Morogoro, Nairobi na Kinshasa tangu miaka ya 1950 na 1960 ulijengwa juu ya magitaa ya umeme: la solo, la ridhimu na la besi. Mara nyingi vyombo vilikuwa mali ya shirika au ya mwenye bendi, si ya mwanamuziki mwenyewe, na gitaa moja liliweza kupita mikononi mwa wapigaji wengi, likitengenezwa na kutengenezwa tena. Hata leo si ajabu gitaa linalouzwa kuwa na historia ndefu ambayo muuzaji haijui au hapendi kuisimulia.

Sauti yatoka wapi?

Katika gitaa la kawaida, lile lenye tumbo wazi, uzi hutetemesha ubao mwembamba wa mbele, nao ubao huo husukuma hewa. Mbao ndiyo inayosema. Katika gitaa la umeme mambo ni mengine kabisa. Chini ya nyuzi kuna kifaa kidogo ambacho wapigaji hukiita pikapu, jina lile lile la gari dogo la mizigo. Humu tutakiita kinasa. Ndani yake mna sumaku iliyozungushiwa waya mwembamba wa shaba mara maelfu. Waya huo ni mwembamba kuliko unywele wa watu wengi, unene wake ukiwa kama milimita 0.06, na katika vinasa vingi huzungushwa mara 5,000 hadi 8,000.

Sumaku hiyo huufanya uzi wa chuma ulio juu yake uwe nao na usumaku kidogo. Uzi ukitetemeka, uga wa sumaku unaopita katika koili hubadilika kwa kufuata mwendo wa uzi, na mabadiliko hayo huzalisha volti katika waya. Hii ndiyo kanuni iliyogunduliwa na Michael Faraday nchini Uingereza mwaka 1831, na ndiyo ile ile inayoendesha jenereta za mitambo ya umeme. Volti inayopatikana ni ndogo, sehemu tu ya volti moja. Amplifaya huikuza hata iweze kusukuma spika.

Watu wa kwanza kuitumia kanuni hii kwa mafanikio katika gitaa walikuwa George Beauchamp na Adolph Rickenbacker, huko California, Marekani, mwanzoni mwa miaka ya 1930. Gitaa lao lilikuwa la alumini, lenye mwili mdogo wa duara na shingo ndefu, hata watu wakaliita kikaango. Halikuwa na tumbo la mbao hata kidogo, na bado lilitoa sauti. Jambo hilo latosha kumwonyesha msomaji kwamba anayelikagua gitaa la umeme hana budi kuanza na nyuzi, vipimo na kinasa, kabla ya kuisifu mbao.

Mwalimu aweza kulithibitisha darasani. Avute waya wa chuma, kwa mfano uzi mmoja uliochambuliwa kutoka katika waya wa breki ya baiskeli, juu ya ubao imara. Chini yake aweke sumaku ya spika mbovu pamoja na koili ya waya mwembamba, na ncha za koili aziunganishe na amplifaya ndogo ya betri. (Ni lazima iwe ya betri, wala si ya kuchomeka ukutani.) Waya ukipigwa, spika italia. Akiweka uzi wa mshipi wa kuvulia samaki mahali pa ule wa chuma, spika itanyamaza, ingawa mshipi unatetemeka vile vile mbele ya macho ya wanafunzi. Kinasa hakisikii hewa; kinasikia chuma.

Kipimo cha rula

Sehemu ambayo wanunuzi wengi huipuuza, nayo ndiyo yenye hesabu nzuri kuliko zote, ni mpangilio wa freti. Freti ni vile vipande vya chuma vilivyopigiliwa kukingama shingo. Mpigaji akibonyeza uzi nyuma ya freti, urefu wa uzi unaotetemeka hupungua na sauti hupanda.

Kanuni yenyewe ni nyepesi. Ikiwa mkazo na unene wa uzi havibadiliki, idadi ya mitetemo kwa sekunde hupanda kwa kiasi kile kile ambacho urefu umepungua. Uzi ukikatwa nusu, mitetemo huwa maradufu, na sikio husikia sauti ile ile katika oktava ya juu. Uzi wa tano wa gitaa, uitwao A, hutetemeka mara 110 kwa sekunde ukiachwa wazi. Ukibonyezwa katika freti ya 12 hutetemeka mara 220. Kwa hiyo freti ya 12 haina budi kuwa katikati kabisa ya safari ya uzi.

Baina ya mwanzo na katikati pana hatua 12, na kila hatua yapaswa kuongeza mitetemo kwa uwiano ule ule. Namba ambayo ikizidishwa kwa yenyewe mara 12 hutoa 2 ni 1.05946. Basi kila freti huufupisha uzi kwa kuugawanya urefu uliobaki kwa namba hiyo. Mafundi hupenda kulisema jambo hilo kwa njia nyingine: gawanya urefu uliobaki kwa 17.817, nawe utapata umbali wa kufika freti inayofuata.

Tuchukue gitaa la mtindo ambao Leo Fender aliuanzisha California mwaka 1950, lenye nyuzi za urefu wa milimita 648 tangu kizingiti, yaani kile kipande cha mfupa au plastiki kilichoko juu ya shingo, hadi darajani ambako nyuzi huishia. Freti ya kwanza yapaswa kuwa milimita 36.4 kutoka kizingitini, ya pili milimita 70.7, ya tano milimita 162.5, ya saba milimita 215.5, na ya 12 milimita 324. Magitaa mengine, hasa yale ya mtindo wa Gibson, yana urefu wa milimita 628 hivi, na freti yao ya 12 huangukia milimita 314. Mwanafunzi mwenye kikokotoo aweza kuandika orodha nzima ya freti kwa dakika chache, kisha akaenda dukani na rula ya chuma.

Je, kosa la milimita moja ni kubwa? Katika freti ya 12, milimita moja ni sehemu moja kati ya 324, yaani asilimia 0.3. Hatua nzima ya freti moja ni karibu asilimia 6. Kosa hilo basi ni kama sehemu moja kati ya 19 za hatua. Sikio lililozoea litaanza kulitilia shaka. Katika freti ya 19, ambako uzi uliobaki ni milimita 216 tu, kosa lile lile huwa baya zaidi, nalo hudhihirika hasa magitaa mawili yanapopiga pamoja. Kosa la kupigilia freti halina dawa ya bei nafuu. Daraja laweza kusogezwa na waya kulehemiwa upya, lakini shingo yenye freti zilizokosewa ni shingo ya kubadilishwa.

Hapa pana jambo moja linalowachanganya watu. Mwenye rula makini atagundua kwamba umbali kutoka freti ya 12 hadi darajani, hasa kwa nyuzi nene, ni mrefu kidogo kuliko kutoka kizingitini hadi freti ya 12. Hilo si kosa. Mpigaji anapoubonyeza uzi huuvuta pia, mkazo ukaongezeka, na sauti ikapanda kupita ilivyokusudiwa. Fundi hulipa deni hilo kwa kulirudisha daraja nyuma kidogo, uzi mnene ukirudishwa zaidi ya ule mwembamba. Ndiyo maana daraja zuri huwa na viti sita vidogo, kila uzi na kiti chake, na kila kiti na skrubu yake.

Kipimo chake ni cha sikio. Uguse uzi kidogo tu, pasipo kuubonyeza, juu ya freti ya 12, uupige na kuuachia mara moja. Utatoa sauti nyembamba kama ya kengele. Kisha ubonyeze uzi huo katika freti ile ile na kuupiga. Sauti hizo mbili zapaswa kulingana. Ile ya kubonyeza ikiwa juu zaidi, kiti cha uzi kirudishwe nyuma. Ikiwa chini, kisogezwe mbele. Asiyeliamini sikio lake aweza kutumia programu ya kupimia sauti iliyomo katika simu. Lakini kwanza nyuzi ziwe mpya: uzi wenye kutu na jasho kavu hauna unene mmoja mwanzo hadi mwisho, na gitaa zuri lenye nyuzi chakavu hushindwa mtihani huu bure.

Shingo

Nyuzi sita za kawaida zikikazwa hadi sauti yake huivuta shingo kwa nguvu ya jumla inayokaribia uzito wa kilo 45, pungufu kidogo ya mfuko wa saruji. Mvuto huo hauachi usiku wala mchana. Kwa sababu hiyo ndani ya shingo huwekwa fimbo ya chuma yenye skrubu, ambayo huipinga nguvu ya nyuzi.

Shingo haitakiwi kunyooka kabisa. Uzi unaotetemeka hupanuka zaidi katikati, basi shingo hupewa mpindo mdogo sana ili uzi usigonge freti. Kuupima, bonyeza uzi mnene katika freti ya kwanza na ya mwisho kwa wakati mmoja. Uzi uliokazika ni rula iliyonyooka kuliko ya duka lolote. Nafasi kati ya uzi na freti ya saba yapaswa kuwa kama unene wa karatasi mbili au tatu za daftari. Pasipokuwa na nafasi kabisa, nyuzi zitavuma kama nyuki. Nafasi ikiwa milimita moja au zaidi, fimbo inahitaji kukazwa. Na ikiwa skrubu yake imekwisha kukazwa hadi mwisho na shingo bado imepinda, gitaa hilo liachwe dukani.

Baya kuliko mpindo ni msokoto. Mkaguzi alishike gitaa kama bunduki, atazame kutoka darajani kuelekea kichwani, na alinganishe mistari ya freti. Ikiwa freti za mbali zimeinama upande mmoja kuliko za karibu, mbao imesokotwa, na fimbo haiwezi kuirekebisha. Tena apitishe kidole kandokando ya shingo. Gitaa lililokaa Tanga au Mombasa, katika unyevu wa pwani, likihamia Dodoma mbao yake hukauka na kusinyaa, lakini chuma hakisinyai. Ncha za freti hujitokeza na kukwaruza mkono. Fundi huziondoa kwa tupa, kwa hiyo dosari hii ni sababu ya kupunguziwa bei wala si ya kulikataa gitaa.

Kinasa na mahali pake

Gitaa moja laweza kuwa na vinasa viwili au vitatu vinavyofanana kabisa, na bado kila kimoja kikatoa sauti yake. Siri iko katika mahali kilipowekwa. Uzi haufanyi mtetemo mmoja tu. Hutetemeka mzima, na papo hapo hutetemeka kwa mafungu mawili, matatu, manne na kuendelea. Mitetemo hiyo midogo huitwa hamoniki. Karibu na daraja uzi mzima hauna nafasi ya kuyumba, kwa hiyo kinasa kilichoko hapo hupata sehemu ndogo ya mtetemo wa msingi na sehemu kubwa ya hamoniki za juu: sauti hutoka kali na yenye kukata. Kinasa kilicho karibu na shingo husikia mwayumbo mpana, na sauti yake huwa nene na laini. Kikiwa robo ya urefu wa uzi kutoka darajani, hamoniki ya nne hukikosa kabisa, maana hapo fungu la nne halitetemeki.

Katika kukagua, kila kinasa kisikilizwe peke yake, na nyuzi zote sita zilinganishwe kwa nguvu ya sauti. Uzi mmoja ukinyamaa kuliko wenzake, mara nyingi ni suala la kimo cha kinasa tu. Ila kisiinuliwe mno: sumaku ikikaribia uzi kupita kiasi huuvuta, na uzi hutoa sauti mbili zinazogombana. Kwa mita ya umeme, kinasa kizima huonyesha ukinzani wa ohmu elfu kadhaa, kama 6,000 kwa vya koili moja na 7,000 hadi 9,000 kwa vingi vya koili mbili. Mita ikionyesha kwamba hakuna njia kabisa, waya umekatika. Ikionyesha karibu sifuri, nyaya zimegusana.

Sababu ya koili mbili yafaa kuelezwa. Koili moja ni kama aeriali: hupokea mtetemo wa uzi, na pia hupokea uga wa sumaku utokao katika transfoma na nyaya za nyumba, ambao nchini mwetu hubadilika mara 50 kwa sekunde. Spika basi huvuma. Mwaka 1955 Seth Lover, mhandisi wa kampuni ya Gibson, alitengeneza kinasa cha koili mbili zilizozungushwa kinyume, na sumaku zake zikielekea kinyume pia. Mvumo wa nyumba, usiojali sumaku za kinasa, huingia katika koili mbili kwa ishara zinazopingana na kufutana. Mtetemo wa uzi hugeuzwa mara mbili, na koili na sumaku, kwa hiyo huungana na kuongezeka. Ni mojawapo ya hila nzuri katika historia ya vyombo vya muziki, na ilifanywa kwa hesabu ya kujumlisha na kutoa tu.

Suala la mbao

Wauzaji husifu mbao kuliko kitu kingine, na mabishano juu yake hayaishi. Ukweli uko katikati, ila umeelemea upande mmoja. Mwili wa gitaa la umeme ulifanywa mzito na mgumu kwa makusudi: magitaa ya mwanzo yenye tumbo wazi yalipiga yowe kila spika ilipotetemesha tumbo. Mnamo mwaka 1940 Les Paul wa Marekani alichukua boriti ya mbao, akaitia shingo, nyuzi na vinasa, kisha akabandika mabawa mawili ya gitaa la kawaida pembeni kwa ajili ya macho ya watazamaji tu.

Hata hivyo mbao si bubu kabisa. Shingo ina mitetemo yake ya asili, na noti fulani ikilingana na mojawapo, nguvu ya uzi huingia katika shingo na sauti hufa upesi. Mahali kama hapo huitwa noti iliyokufa, na uchunguzi uliofanywa Ujerumani katika miaka ya 1990 ulionyesha kwamba chanzo chake kikubwa ni shingo kuliko mwili. Mkaguzi apige kila noti ya shingo, uzi kwa uzi, na kuhesabu sekunde hadi sauti iishe. Noti moja ikifa nusu ya muda wa jirani zake, ameipata. Kuhusu aina ya mti wa mwili na sauti itokayo katika spika, wachunguzi bado hawajaafikiana. Mnunuzi anayelipa ziada kwa ajili yake analipia kwanza uzuri wa kutazama. Ubao wa vidole, ule unaobeba freti, ni jambo jingine, kwani huko ugumu wa mti una kazi yake. Mpingo wa kusini mwa Tanzania, unaozama majini kwa uzito na unaojulikana zaidi kwa kutengenezea klarineti, hutumiwa na baadhi ya mafundi kwa kazi hiyo kwa sababu hauliki upesi.

Waya wa ardhi

Kipimo cha mwisho ni cha usalama, na hakiruhusu mzaha. Nyuzi za gitaa huunganishwa kwa waya na daraja, na kutoka hapo hadi bati la amplifaya, nalo bati huunganishwa na ardhi kupitia pini ya tatu ya plagi. Mvumo ukipungua mpigaji anapogusa nyuzi, kwa kawaida ni dalili kwamba njia hiyo ni nzima ndani ya gitaa. Ukizidi, huenda waya wa darajani umekatika.

Hatari kubwa iko katika amplifaya. Pini ya tatu ikikosekana, au nyaya zikichomekwa ukutani kwa njiti za kiberiti kama ionekanavyo katika kumbi nyingi, na waya wenye moto ukagusa bati, basi nyuzi za gitaa hubeba volti 230. Mpigaji hatajua mpaka aguse maikrofoni iliyounganishwa na ardhi kwa njia nyingine. Umeme utapita kifuani mwake. Mwaka 1972 mpiga gitaa wa Scotland, Les Harvey, alikufa jukwaani mjini Swansea alipogusa maikrofoni namna hiyo.

Plagi ikiwa imechomolewa, mita ya ukinzani iwekwe kati ya pini ya ardhi na bati la amplifaya, kisha kati ya daraja la gitaa na pete ya nje ya tundu la waya wake. Mahali pote pawili isomeke karibu sifuri. Isiposomeka hivyo katika amplifaya, isichomekwe mpaka fundi wa umeme aikague, na mwanafunzi asiifungue mwenyewe: zile za taa za zamani huweka chaji ya mamia ya volti ndani ya kapasita hata baada ya kuchomolewa.